Mizani Kumi na Tano

Mizani ya malori pale Changamwe
hutuma uzito wa kila kontena
na sifuri moja mbele, isiyoombwa.
Tani ishirini na saba, yenyewe husema
sifuri ishirini na saba,
kama mtu anayekohoa kidogo
kabla ya kutaja jina lake.

Itifaki niliyoiandika mimi,
ukurasa wa tisa, aya ya nne, yasema:
tarakimu ya kwanza isiwe sifuri.
Isiwe. Si "ikiwezekana isiwe".
Jumatatu tukaiwasha seva mpya,
nayo, tiifu kama karani wa siku ya kwanza kazini,
ikakataa kila lori.
Saa saba mchana foleni imeshapita Mikindani
na dereva Mutisya amepiga simu mara kumi na moja
kuuliza lori lake lina kosa gani.

Chengo akasema: Tusilegeze.
Kikohozi cha leo ndiyo lugha ya kesho.
Ukiipokea sifuri hii kimyakimya
kiwanda kingine kitaidhani sheria,
kitaituma makusudi,
na atakayekuja baada ya miaka kumi, masikini,
ataambiwa afuate waraka
na afuate pia yasiyo kwenye waraka,
akamuulize fulani, kama bado yu hai.

Alisema kweli. Nimewahi kuwa huyo masikini.
Nilikesha Kizingo usiku mzima
nikitafuta kwa nini mashine ya watu
yataka nafasi mbili mwisho wa mstari,
na jibu lilikuwa mzee mmoja aliyekwisha kustaafu.

Lakini ishirini na saba ni ishirini na saba
hata ukiivisha kofia.

Mamangu, Mishi, alihesabu mizani
kwa vifundo vya vidole.
Watu wa Kuze walimletea mashairi ayapime
kabla hayajasomwa mbele za watu.
Ikizidi au ikipungua, aliirudisha karatasi bila neno,
kidole kimesimama pale pale.
Siku moja Mwanatumu, eda haijamwisha,
akatuma beti:

    Kiti ki pale mezani, hapana anokalia,
    Na chai i birikani, ya wawili naitia,
    Viatu vi mlangoni, fagio lazungukia,
    Nikuite jina gani, upate kusikia?

Mama alihesabu mstari wa mwisho mara tatu.
Kumi na tano.
Dawa yake hata mtoto wa chuoni angeijua:
*kunisikia*. Kilichokosekana ni "ni".
Aliyekosekana ni mwenyewe Mwanatumu.
Akachukua kalamu, akaacha mstari ulivyo,
akaandika pembeni: *Kumi na tano. Nimeona.*

Wiki ya pili akaja kijana wa Kibokoni
na beti sita, zote zinachechemea.
"Mbona ya Mwanatumu uliipitisha?"
Mama akamrudishia karatasi yake.
"Yule alipungukiwa. Wewe umepunguza."
Sijui kama ni haki. Sijui seva ingewezaje
kumjua aliyefiwa.

Saa tisa nikaibadilisha aya ya nne.
Mtumaji: isiwe, vile vile, neno halikulegea.
Mpokeaji: apokee, kisha aandike daftarini
jina la mashine, tarehe na saa,
kila mara, bila kuchoka,
mpaka mwenye mashine aone haya.
"Na daftari atalisoma nani?" akauliza Chengo.
Mutisya akapita. Sifuri ishirini na saba.
Alipiga honi, sijui ya shukrani au ya matusi.

Leo asubuhi nimelifungua.
Mistari elfu kumi na moja, sifuri ile ile,
na chini yake, tangu jana,
mizani nyingine, ya Mariakani,
imeanza kukohoa.
Chengo amesimama nyuma ya kiti changu.
Hakusema neno.
Ameweka kidole pale pale.